Jinsi ya kujaribu antivairasi za bure kwenye kompyuta ya nyumbani bila kuichosha mashine

Watu wengi wakinunua kompyuta tu wanadaunlodi antivairasi tatu nne kwa mpigo wakiamini ndo ulinzi unaongezeka, jamani hapana. Mbili zikikaa pamoja na zote zinalinda muda wote zinagombania mafaili yale yale, mashine inakuwa nzito na mara nyingine moja inamkamata mwenzake kama kirusi. Jaribu moja moja.

Na kabla hujadaunlodi chochote angalia ulichonacho. Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender, ni bure kabisa na kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani mimi naona inatosha. Bonyeza Start, andika Windows Security, ifungue uone kama alama zote ni za kijani. Tatizo la wengi wetu ni kuzima apdeti ili bando lisiishe, sasa antivairasi ambayo haijaapdetiwa miezi sita itakijuaje kirusi kilichotoka wiki hii? Apdeti za kuitambulisha antivairasi virusi vipya peke yake ni ndogo kuliko za Windows nzima, kwa hiyo hizo usiziache hata kama bando ni la kubana. Ukimaliza piga Full scan, ianzishe usiku umeichomeka kwenye chaji maana inachukua masaa.

Bado unataka kujaribu nyingine? Zipo Avast, AVG, Avira na Bitdefender, zote zina toleo la bure. Ila jua kwamba Avast na AVG ni kampuni moja tangu 2016 na zinatumia injini moja (ile sehemu inayotambua virusi), ukijaribu zote mbili umechoma MB bure. Daunlodi kwenye tovuti ya wenyewe, usichukue kwa link iliyotumwa kwenye grupu la WhatsApp, na ile ya kulipia iliyokrakiwa usiiguse kabisa kwa sababu krak zenyewe ndo zinabeba virusi. Wakati wa kuinstoli soma kila ukurasa, toa tiki kwenye brauza za ziada na kwenye kuruhusu data zako zitumwe. Hili nalisisitiza kwa sababu 2024 serikali ya Marekani iliipiga Avast faini ya dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji walikuwa wanatembelea, yaani kilichotakiwa kukulinda ndo kilikuwa kinakuchungulia.

Sasa kuipima. Ingia eicar.org udaunlodi faili lao la majaribio, ni herufi 68 tu, halina madhara yoyote ila karibu antivairasi zote zimekubaliana kulikamata. Ikipiga kelele hapo hapo basi iko macho. Ikikaa kimya, huenda ulinzi wake wa muda wote umezimwa. Lipo pia lililofungwa ndani ya zip mara mbili, hilo antivairasi nyingine hazilioni mpaka ulifungue.

Halafu jaribu na flash iliyotoka stesheneri. Usiifungue, bonyeza kulia juu yake uiskani kwanza. Ukikuta folda zako zote zimegeuka shortcut usiformati kwa hasira, mara nyingi mafaili yapo ila yamefichwa. Antivairasi ikishasafisha fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandika amri) uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badilisha E iwe herufi ya flash yako) yatarudi.

Malwarebytes ya bure iko tofauti kidogo, majaribio ya premium yakiisha inabaki kuskani pale unapoiambia tu, kwa hiyo hiyo inaweza kukaa na Defender bila ugomvi.

Ile iliyokushinda kwa matangazo ya kila saa au kwa uzito iondoe kwenye Settings, Apps, Uninstall, usifute folda yake kwa mkono. Kisha restati, rudi Windows Security uhakikishe Defender imejiwasha tena yenyewe, maana hujizima ukiinstoli nyingine, ndo udaunlodi ya kujaribu inayofuata.