Hatifungani za Serikali au dola: jinsi ya kuamua shilingi inapoanza kuyumba

Mwaka 2024, bei ya dola ilipokuwa imevuka shilingi 2,700, mwalimu mmoja mstaafu wa Tabata, mtu ninayemheshimu kama mzazi, alinipigia simu. Nilimwamkia, na kabla sijamuuliza hali akaniambia, "Mwanangu, shilingi inakwisha." Alikuwa ameshauza hatifungani yake ya miaka ishirini, yaani mkopo alioipa Serikali kwa riba, kwa bei iliyo chini ya ile aliyonunulia, na fedha zote alikuwa amezigeuza dola. Ilipofika mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo, dola moja ilikuwa imerudi karibu na shilingi 2,400. Aliyenunua dola 10,000 kwa shilingi milioni 27 alikuwa na kitu chenye thamani ya takriban milioni 24, na kuponi za hatifungani, yaani riba yake ya kila nusu mwaka, hazikuwapo tena.

Hofu yake haikuwa ya kijinga. Mwaka 1986 alikuwa kazini, na aliiona dola ikitoka takriban shilingi 17 mwanzoni mwa mwaka hadi kuvuka 50 kabla mwaka haujaisha. Mtu aliyeshuhudia akiba ya maisha ikiyeyuka namna hiyo halaumiwi kwa kukimbia mapema. Alichokosa mwalimu wangu ni utaratibu wa kuamua, na ndio ninaouandika hapa kwa ajili ya mtu wa kawaida wa Dar es Salaam mwenye milioni kadhaa za kuwekeza na wasiwasi wa kweli juu ya sarafu yake.

Kushuka na kushushwa

Lugha yetu inatofautisha vizuri mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Shilingi kushushwa thamani ni uamuzi wa mamlaka: bei ya dola imefungwa mahali pamoja kwa muda mrefu, haiendani tena na hali halisi, kisha siku moja inatangazwa bei mpya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika miaka ya themanini, na ndivyo ilivyokuwa kwa jirani zetu wa Malawi mwezi Novemba 2023, kwacha iliposhushwa na bei rasmi ya dola ikapanda kwa asilimia 44 kwa mara moja. Shilingi kushuka thamani ni kazi ya soko, ambalo hupandisha na kuteremsha bei siku hadi siku. Tangu soko la fedha za kigeni baina ya mabenki lianzishwe mwaka 1994, shilingi yetu imekuwa katika hali hii ya pili, huku Benki Kuu ikiingia sokoni kununua au kuuza dola ili kupunguza misukosuko.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa hatari. Sarafu inayoelea, yaani ile inayoachiwa soko, hutoa hewa kidogo kidogo, kwa hiyo mwenye hatifungani hupata muda wa kufikiri, ilhali sarafu iliyofungwa hupasuka usiku mmoja. Basi usiangalie bei ya dola peke yake. Angalia kwanza kama dola zinapatikana benki kwa bei iliyobandikwa. Mwaka 2023 na sehemu ya 2024 waagizaji wengi wa Kariakoo walikuwa wakisubiri siku nyingi kupata dola walizoomba, na hiyo ilikuwa dalili nzito kuliko bei yenyewe. Pili, soma katika taarifa za kila mwezi za Benki Kuu akiba ya fedha za kigeni inatosha kuagiza bidhaa kwa miezi mingapi. Lengo la nchi ni isipungue miezi minne. Tatu, tazama mfumuko wa bei, ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka asilimia tatu. Dola zikiadimika benki, akiba ikipungua chini ya miezi minne na mfumuko ukipanda kwa pamoja, hofu ina msingi. Ikiwa kilichopanda ni bei tu, tena kati ya Januari na Juni, kumbuka kwamba huo ni msimu ambao shilingi hudhoofika mara kwa mara. Nusu ya pili ya mwaka huleta dola za watalii, za tumbaku, za kahawa na za korosho, na kwa kawaida shilingi hupata nguvu.

Deni lako ni la sarafu gani?

Hili ndilo swali ninalolitanguliza kwa kila anayeniuliza, na sijaona jingine linalofaa zaidi. Orodhesha malipo makubwa utakayoyafanya katika miaka mitano ijayo, na mbele ya kila moja andika sarafu yake. Mstaafu anayenunua mchele, anayelipia umeme na kumsomesha mjukuu Morogoro ana majukumu ya shilingi, na dola kwake ni kamari hata kama inaonekana kama kinga. Mzazi ambaye mtoto wake anasoma chuo nchini India, mfanyabiashara anayeagiza vipuri, au mgonjwa anayejua kwamba atahitaji matibabu nje ya nchi, hao wana deni la fedha za kigeni, na kwao kukaa na shilingi tupu ndiyo kamari.

Zamani wapangaji wengi wa Masaki na Oysterbay wangeniambia kwamba hata kodi ya nyumba ni ya dola. Tangu tarehe 28 Machi 2025, Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa. Kanuni hizo hazimzuii mtu kuwa na akaunti ya dola benki. Lakini zimepunguza sana idadi ya watu wenye sababu halisi ya kuwa nayo, na mwenye nyumba aliyekuwa akihesabu pango lake kwa dola hana budi kufanya upya hesabu zake zote.

Kiasi cha dola unachohitaji, basi, ni kile kinacholingana na majukumu yako ya dola. Kinachozidi hapo ni ubashiri, na ubashiri unapaswa kupita katika hesabu ifuatayo.

Hesabu ya mizani

Tuchukue shilingi milioni 10 na mwaka mmoja. Tuseme hatifungani inalipa asilimia 12 kwa mwaka, na amana ya muda maalumu ya dola inalipa asilimia 3. Viwango hivi ni vya mfano. Weka vile utakavyovikuta siku hiyo. Riba ya amana ya benki hukatwa kodi ya zuio, inayotolewa kabla hujalipwa, ya asilimia 10, hivyo ya dola inabaki asilimia 2.7. Kuponi za hatifungani za Serikali za miaka mitatu na kuendelea zimekuwa zikisamehewa kodi hiyo, lakini mwulize wakala wako wa soko la hisa kabla ya kununua, kwa sababu sheria za fedha hupitiwa upya kila mwezi Juni.

Tuseme pia benki inakuuzia dola kwa 2,510 na kuinunua kwako kwa 2,470. Milioni 10 zinakupa dola 3,984, ambazo baada ya mwaka zinakuwa dola 4,091 na senti kadhaa. Hatifungani inakuwa imekufikisha kwenye milioni 11.2. Ili dola zako zifikie kiasi hicho, benki inapaswa kuzinunua kwa takriban shilingi 2,737. Maana yake, bei ya kununulia ya benki inatakiwa ipande kutoka 2,470 kwa karibu asilimia 11 ndani ya mwaka mmoja ili usawazike tu, kabla ya kupata faida hata ya shilingi moja. Watu wengi husahau ile tofauti ya bei ya kuuza na ya kununua, nayo hula zaidi ya asilimia moja na nusu kabla hujatoka mlangoni.

Ukifanya hesabu ya miaka mitano, huku kuponi zikiwekezwa tena kwa kiwango kilekile, dola inapaswa kufika karibu 3,870. Sasa linganisha na yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2015 ulikuwa mbaya: dola ilitoka takriban 1,730 hadi karibu 2,150, yaani zaidi ya asilimia 20, na aliyekuwa na dola mwaka ule alimshinda mwenye hatifungani bila ubishi. Lakini tangu mwisho wa 2015 hadi mwisho wa 2024, miaka tisa, dola ilisogea kutoka 2,150 hadi 2,400 hivi tu. Mwenye hatifungani aliyevumilia katika kipindi hicho alimwacha mbali sana mwenye dola. Kenya walipata somo hilohilo kwa ufupi zaidi: Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160 za Kenya, na mwezi uliofuata Serikali yao ikauza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi. Baada ya wiki chache dola ilikuwa imeteremka kuelekea 130. Wakati hofu iko juu kabisa ndipo riba ya hatifungani huwa tamu na dola huwa ghali, na mwenye haraka hujikuta akiuza cha bei rahisi na kununua cha bei ghali.

Muda wa hatifungani ndio hatari yenyewe

Sisemi kwamba hatifungani haina madhara. Shilingi ikidhoofika na mfumuko ukapanda, riba za sokoni hupanda pia, na hatifungani ya zamani hushuka bei katika soko la upili, ambako wenye hatifungani huziuza kabla hazijaiva. Mfano halisi uko karibu. Mwaka 2022 kuponi ya hatifungani mpya za miaka 25 ilipunguzwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Mwenye hiyo ya 12.56, soko likianza kudai mavuno, yaani faida halisi ya mwaka kwa bei ya kununulia, ya asilimia 16, atapata karibu shilingi 79 kwa kila 100 akilazimika kuuza. Asipouza, kuponi zake zinaendelea kuingia mara mbili kwa mwaka na mtaji wake unarudi wote itakapoiva. Lakini miaka 25 ni umri wa mtoto kuzaliwa na kumaliza chuo, na ni vigumu kuahidi kwamba hutauza.

Kwa hiyo, mwenye wasiwasi juu ya sarafu hana haja ya kukimbilia dola moja kwa moja. Anaweza kwanza kufupisha muda. Dhamana za muda mfupi za siku 91, 182 na 364 zinaiva haraka, na riba zikipanda unawekeza tena kwa kiwango kipya, ingawa faida yake hukatwa kodi ya zuio. Hatifungani za miaka miwili na mitano hazitikisiki bei kama za miaka ishirini. Mimi humshauri mtu agawanye: sehemu iive mwaka ujao, sehemu baada ya miaka miwili, sehemu baada ya mitano, na ile ya miaka ishirini iwe ni fedha ambayo hata nyumba ikihitaji bati jipya haitaguswa.

Hatari nyingine ni Serikali yenyewe kulemewa na madeni. Desemba 2022 Ghana iliwatangazia wenye hatifungani za ndani mpango wa kuzibadilisha kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Sioni dalili hiyo hapa kwetu leo, lakini kwa sababu ya mfano huo sipendi kuona mtu akiweka kila alichonacho kwa mkopaji mmoja, hata awe Serikali.

Utekelezaji

Kwa hatifungani, fungua akaunti ya hifadhi ya dhamana, ambayo wengi huiita CDS, kupitia benki yako au wakala wa soko la hisa aliyeidhinishwa. Kima cha chini cha hatifungani ni shilingi milioni moja, na cha dhamana za muda mfupi ni laki tano. Minada hufanyika Jumatano na malipo hufanyika siku inayofuata, hivyo fedha ziwe tayari kwenye akaunti. Usiyeweza milioni moja kwa mkupuo, mfuko wa hatifungani wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya kusimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unapokea kiasi kidogo zaidi na unaweza kuuza vipande vyako wakati wowote. Hatifungani zinazouzwa na wenye nazo kabla hazijaiva zipo pia kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Soma mavuno hadi kuiva, usivutwe na kuponi peke yake, maana kuponi ya asilimia 15 iliyonunuliwa kwa shilingi 115 kwa kila 100 si asilimia 15 tena.

Kwa dola, nunua benki au duka la kubadilishia fedha lenye leseni na udai risiti. Usizifiche kabatini: hazizai, na noti iliyochanika au kuchorwa hupokelewa kwa bei pungufu au hukataliwa. Kuhusu programu za simu zinazoahidi faida ya dola ya asilimia kadhaa kwa mwezi, zimewaumiza watu ninaowajua, na ninaomba kwa dhati uzikatae.

Mwenye deni la dola si lazima avunje hatifungani yake. Kama ada ya mtoto inalipwa Januari, chagua hatifungani ambayo kuponi yake moja inaingia kati ya Septemba na Novemba, uigeuze dola wakati minada ya korosho inaendelea Mtwara na Lindi, kisha uiweke kwenye akaunti ya dola hadi siku ya kulipa.