Udongo wa mfinyanzi kwa mikono yenye Parkinson
Ukimtafutia mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili, kazi ya mikono hapa Kisumu, anza na udongo wa mfinyanzi. Ulizia kwa wauza vyungu soko la Kibuye. Nusu kilo yatosha. Mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika mara nyingi hutulia ukipewa kazi.

Subiri levodopa, dawa yake ya Parkinson, ishike kwanza, kwa wengi nusu saa hadi saa moja baada ya kumeza. Tandika kitambaa kibichi chini ya ubao usiteleze. Miguu ikanyage sakafu.

Sasa abiringishe kamba za udongo. Hapa ndipo kazi huharibika: baada ya kamba mbili tatu, misukumo ya mikono huanza kufupika bila mwenyewe kujua, kamba ikatoka na vinundu. Tafadhali usimhimize tu ajitahidi. Chora mistari miwili ya chaki ubaoni, sentimita 25 kati yake. Kila msukumo uanzie mmoja uishie wa pili, mkihesabu kwa sauti. Alama na hesabu huongoza mwendo ambao ubongo haupimi vizuri tena.

Dakika 20, kisha apumzike. Udongo uliobaki ufungwe kitambaa chenye maji, ndani ya ndoo yenye kifuniko.