Somo: Ukishuku Marburg nyumbani, kabla gari la wagonjwa halijafika

Ndugu zangu, tangu mlipuko wa Biharamulo, Kagera, wa Januari 2025 naulizwa sana dawa ya Marburg, homa kali ya virusi iliyo jamaa ya Ebola, ni ipi. Nitaifikia. Kwanza tuelewane nani hasa anaambukizwa. Virusi hivi havirushwi na upepo. Vinapita kwenye damu, matapishi, kinyesi, mkojo na mate ya aliyeugua au aliyefariki. Anayekaa karibu na vitu hivyo ni anayeuguza na anayeosha maiti. Bukoba Vijijini mwaka 2023 waliugua watu 9 wakafa 6. Ulianza ndani ya familia moja, ukawafikia na watumishi wa afya wawili. Rwanda mwaka 2024, kati ya wagonjwa 66, walio wengi walikuwa watumishi wa hospitali. Basi somo hili ni la wewe unayeuguza.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kusema "ni malaria tu"

Marburg huanza ghafla: homa kali, kichwa kupasuka, misuli kuuma, mwili kulegea. Kama siku ya tatu huja kuharisha maji, tumbo kuuma na kutapika. Damu hutoka baadaye, siku ya tano na kuendelea, na wapo wasiotoka damu kabisa. Ukingoja kuona damu umechelewa.

Huku kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, kwa hiyo kinachotenganisha ni maswali ya siku 21 zilizopita, maana dalili zinaweza kuchelewa mpaka siku 21 tangu kuambukizwa. Amemuuguza nani? Amezika wapi? Ameingia pangoni au mgodini penye popo? Pale nyumbani kuna vifo vilivyofuatana? Na hili mlishike: kipimo cha malaria kikisoma chanya hakijaifuta Marburg. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili.

Hatua ya 2: Piga simu, usimpakie

Tanzania piga 199, bure. Mjulishe na mhudumu wa afya wa kijiji au mtendaji. Msimpandishe bodaboda wala daladala. Kwenye bodaboda mgonjwa anamkumbatia dereva mgongoni njia nzima, akitapika anamtapikia. Kama hakuna namna ila kwenda zahanati, tangulieni kupiga simu ili mpokelewe nje, asikae benchi moja na wajawazito na watoto wa kliniki.

Hatua ya 3: Chumba chake, mtu wake mmoja

Mgonjwa alale peke yake, awe na sahani, kikombe, ndoo na choo chake ikiwezekana. Chagueni mtu mmoja wa kumhudumia, mzima, asiye mjamzito, asiyenyonyesha, asiye na vidonda mikononi. Wengine wamsalimie wakiwa mlangoni. Najua ni vigumu mama kuambiwa asimshike mwanawe, lakini hapa kumi mkizunguka kitanda mnaandaa wagonjwa kumi.

Huyo mmoja avae glavu, barakoa, kitu cha kukinga macho, na nguo ya mikono mirefu yenye plastiki kwa juu. Kuvaa si kazi. Kuvua ndiko watu wanakojiambukiza. Vua polepole, usijiguse uso, kisha nawa kwa sabuni na maji tiririka. Kibuyu chirizi kinatosha kabisa.

Hatua ya 4: Maji, maji, maji

Wengi wanaokufa wamekaushwa na kuharisha na kutapika, kisha figo na moyo vinashindwa. Mpe ORS ya pakiti. Huna? Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Umwekee karibu anywe mwenyewe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, aanze tena.

Kwa homa na maumivu, paracetamol kwa dozi yake. Asipewe aspirin, diclofenac wala ibuprofen, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Na asichomwe sindano mtaani. Sindano iliyomchoma huyu ikimchoma mwingine, hakuna njia fupi zaidi ya kusambaza ugonjwa huu.

Hatua ya 5: Matapishi na nguo

Chukua jiki ya asilimia 3.5 (soma kwenye chupa). Kikombe 1 cha jiki, vikombe 6 vya maji. Mwagia juu ya uchafu, funika kwa kitambaa, acha dakika 15 ndipo ufute. Changanya mpya kila siku. Usimpulizie mtu dawa hii mwilini. Godoro na nguo zilizochafuka ziacheni palepale, timu ya afya itaamua.

Hatua ya 6: Huko kituoni

Watachukua damu kwa kipimo cha PCR, cha maabara kinachotafuta virusi vyenyewe. Kikiwa hasi na dalili hazijafikisha siku tatu, hurudiwa. Sasa ile dawa: hakuna iliyoidhinishwa rasmi mpaka sasa, wala chanjo iliyosajiliwa. Kuna dripu, chumvi za mwili kurekebishwa, oksijeni na kutibu malaria au bakteria walioingia juu yake. Msidharau. Uíge, Angola, mwaka 2004 hadi 2005 walikufa 227 kati ya 252. Rwanda, kwa uangalizi wa karibu pamoja na remdesivir (dawa ya kupambana na virusi) na kingamwili za maabara ziitwazo MBP134, zote zikitolewa kwa majaribio, walikufa 15 kati ya 66. Wawili walipona hata baada ya kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia.

Hatua ya 7: Akifariki

Maiti hubeba virusi vingi mno. Msioshe, msibusu, msivue nguo. Pigeni 199 tena, timu ya mazishi salama ije. Shehe au padri aombe, familia ishuhudie kwa umbali, kaburi mlichague wenyewe. Hayo ni haki yenu, yadaini.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama wa Muleba:* Shikamoo dada. Mtu akikaa siku 21 chini ya uangalizi, anaambukiza wengine?

Marahaba mdogo wangu. Asiye na dalili haambukizi. Anapimwa joto mara mbili kwa siku. Likipanda tu anatengwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo msimnyime maji ya kisimani wala kumsusa dukani. Mkimsusa atatoroka, na aliyetoroka hapimwi.

*Bodaboda Ngara:* Nilimbeba mgonjwa, baadaye nikasikia amefariki kwa homa isiyoeleweka. Nifanyeje?

Piga 199 leo, usingoje uumwe. Nguo ulizovaa siku ile zitenge, pikipiki ioshwe kwa ile jiki. Siku 21 huhesabiwa tangu ulipombeba.

*Msomaji wa Kigali:* Mume wangu alipona. Tunaweza kurudi kuishi kama zamani?

Kula pamoja, kulala nyumba moja, sawa. Kwenye tendo la ndoa tumieni kondomu, kwa sababu virusi hubaki kwenye manii muda mrefu. Apimwe mpaka majibu mawili yatoke hasi. Asipopata kipimo, mwaka mzima.

*Mzee wa Karagwe:* Popo wamejaa darini kwangu. Niwachome moto?

Hapana mzee wangu. Popo wa Marburg ni yule mkubwa kiasi, mla matunda, anayeishi mapangoni na migodini. Wadogo wa darini kwa kawaida ni wala wadudu. Embe au papai lililong'atwa litupe, mengine osha. Na kuua popo kuna kisa chake: mgodi wa Kitaka, Uganda, wachimbaji waliugua mwaka 2007, popo wakaangamizwa. Baadaye wengine walihamia, na waliopimwa walikuwa na maambukizi zaidi ya wale wa kwanza. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena eneo hilohilo.