Kabla ya kuwasha jiko jipya la gesi nyumbani: mambo ya kuzingatia kwa mtu wa Goma

Aliyekulia Goma anajua mazuku. Anajua kwamba kuna mabonde upande wa Keshero na Mugunga ambako mbuzi akishuka asubuhi kula majani huenda asirudi, kwa sababu hewa nzito ya volkano imelala pale chini, haina harufu wala rangi. Watoto hukatazwa kushuka humo hata kama mpira wao umeingia. Ninapomfungia mtu jiko la gesi kwa mara ya kwanza, mazungumzo naanzia hapo. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi darini. Inateremka sakafuni, inatambaa hadi chini ya kitanda, na ikikuta moto inalipuka.

Kwa hiyo, kabla ya kiberiti, tazama chini. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimesimama juu ya mawe ya volkano, na pale penye sakafu ya mbao kuna uwazi chini yake. Gesi hupita katikati ya mbao ikajikusanya humo bila mtu kuiona. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Mimi hukata tundu la upana wa viganja viwili chini kabisa ya ukuta, karibu na mtungi, nikalifunika kwa wavu wa kuzuia panya. Tundu hilo lisizibwe na gunia wakati wa baridi, tafadhali. Mtungi wenyewe usimame wima siku zote. Ukilazwa, gesi hutoka ikiwa bado maji na moto utaruka. Halafu kuna mbabula, lile jiko la makaa. Najua wengi wanachemsha chai kwa gesi na maharage kwa makala, maana maharage yanakula gesi sana. Hakuna ubaya, ila mbabula ikae nje, isiwe chumba kimoja na mtungi.

Sasa viungo. Mama mmoja wa Majengo aliniita akisema, "Fundi, gesi yangu inaisha upesi mno, labda walinipunja." Jiko lilikuwa limefungwa wiki mbili nyuma na mtu mwingine. Nikachanganya sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo kwenye kikombe, nikafungua valvu ya mtungi huku vitufe vya jiko vikiwa vimefungwa, nikapaka povu kwa brashi pale mpira unapoingia kwenye detanderi, kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi. Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha kikatokea kipovu kimoja, kama jicho la sambaza, yule samaki mdogo wa ziwani, kikakua taratibu hadi ukubwa wa punje ya haragwe, kikapasuka, kikaja kingine mahali palepale. Mpira ulikuwa umefungwa kwa waya. Mama yule alikuwa amelala na gesi ile siku 14, na pua yake ilishaizoea. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya huongezwa makusudi ili tuigundue, lakini mwenye mafua haisikii, na anayekaa nayo muda mrefu huizoea.

Fanya jaribio hilo mwenyewe, fundi akiwa bado pale, kwenye kila kiungo, na ulirudie kila unapobadilisha mtungi. Usijaribu kwa kiberiti hata siku moja. Mpira uwe wa gesi, siyo wa maji, ubanwe kwa vibano vya chuma ncha zote mbili, usipite nyuma ya jiko penye joto. Mipira mingi ina mwaka ulioandikwa juu yake. Usome kabla ya kulipa.

Kisha moto wenyewe, na hapa ndipo mji wetu una jambo lake. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi. Jiko lililorekebishwa kwa mji wa pwani linaweza kukosa hewa ya kutosha hapa: moto unakuwa wa njano, unayumba, sufuria inajaa masizi. Moto mzuri ni wa buluu, umesimama, una koni ndogo iliyokolea katikati. Majiko mengi yana kisahani chini ya kichomeo cha kuongeza au kupunguza hewa. Fundi akifungue kidogo kidogo hadi unjano utoweke. Akizidisha, moto utavuma na kuruka juu ya matundu.

Jiko lililotumika Ulaya linahitaji uangalifu zaidi. Huenda lilitengenezwa kwa gesi asilia ya mabomba, ambayo tundu lake la kutolea gesi ni pana. Ukiliunga na mtungi bila kubadilisha tundu hilo, moto utakuwa mkubwa na mchafu, na kisahani cha hewa hakitaliponya.

Moto wa njano hauishii kuchafua sufuria. Unatoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu na huenea chumba chote, siyo chini tu. Watu wote nyumbani wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja, wakapata nafuu wakitoka nje, zima jiko, fungua milango, muite fundi.

Lipo na la matetemeko. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 ardhi ilitikisika siku kadhaa, na tarehe 27 watu wengi wakahamishwa. Funga mtungi ukutani kwa mnyororo. Ukilazimika kukimbia, funga valvu ya mtungi kwanza, ni sekunde tatu tu. Ukirudi, fungua milango yote, subiri hewa ipite, halafu chukua kikombe cha sabuni.