Kaunti ikitaka kukata bajeti ya zimamoto: chama cha wafanyakazi kifanye nini na lini

Kabla hamjaanza kupandisha mori kwenye grupu ya WhatsApp ya stesheni, mjue hili: zimamoto wa kaunti Kenya haruhusiwi kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, jedwali la nne kule mwisho, imeorodhesha huduma muhimu na zimamoto ya serikali imo, pamoja na maji, hospitali, feri na waongoza ndege. Najua mtaniambia madaktari wako kwenye list hiyo hiyo na waligoma siku 100 kati ya 2016 na 2017. Waligoma ndio, na Februari 2017 viongozi wao saba wakalala ndani kwa kudharau amri ya korti, na hao ni chama cha nchi nzima, nyinyi kwenye kaunti yenu huenda hamjai hata matatu mbili. Kwa hiyo ile ya "tukiweka mipira ya maji chini gavana atatutafuta mwenyewe" achaneni nayo, oda ya korti itatoka kabla ya chakula cha mchana na jioni watu wanaanza kupokea barua za kujieleza.

Silaha mliyonayo ni kalenda ya bajeti, na wengi wetu hatuijui, ndio maana tunakuja kupiga kelele Juni wakati mambo yalishaisha.

Iko hivi. Kufikia Septemba 1 kaunti inapeleka kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia Februari 28 hazina ya kaunti inapeleka ile karatasi ya mkakati wa fedha, wote wanaiita CFSP. Aprili 30 makadirio yenyewe yanaingia bunge la kaunti, na Juni 30 yawe yamepitishwa. Sasa katika hizo tarehe zote, ya Februari ndiyo ya kukosea usingizi, kwa sababu CFSP ndiyo inaweka dari ya kila idara, yaani idara yenu ipate kiasi gani mwisho. Bunge likishapitisha hiyo dari (linapewa siku 14 tu) basi Mei mnagombania makombo ndani ya idara, mnanyang'anyana na watu wa taa za barabarani au takataka, kutegemea kaunti yenu imewaweka chini ya nani. Sheria inasema maoni ya wananchi yachukuliwe wakati CFSP inaandikwa, kwa hiyo Januari ndio mwezi wenu wa kazi. Tangazo huwa dogo, kona ya gazeti au tovuti ya kaunti, mpeni mtu mmoja jukumu la kulitafuta kila siku mpaka alipate.

Na mnaenda na nini? Hapa ndio nataka tukae kidogo, maana nimekaa kwenye vikao hivyo na watu wetu wakisimama wanasema "tunateseka, hatuna vifaa, serikali itukumbuke", MCA (mjumbe wa wadi kwenye bunge la kaunti) anatikisa kichwa, anaandika kitu, imeisha hiyo. Ushahidi wenu uko kwenye kitabu cha matukio pale stesheni, OB. Kila simu ilipigwa saa ngapi, gari likatoka saa ngapi, likafika saa ngapi, maji yaliisha au hayakuisha, mlipata wapi ya kujaza. Chukueni mwaka mmoja, mwenye mwandiko mzuri akae achambue simu moja moja, halafu mtoe ukurasa mmoja. Narudia, ukurasa MMOJA. Juu orodhesheni magari yote kwa namba: hili linatembea, hili pampu imekufa, hili liko gereji tangu lini na linangoja spea gani ya bei gani. Katikati muweke simu ambazo mlichelewa au hamkwenda kabisa, kwa wadi. Chini vifaa: seti ngapi za mitungi ya kupumulia zinafanya kazi na zamu moja ina watu wangapi, maana kama zamu ina watu sita na mitungi mizima ni miwili, hata MCA ambaye hajawahi kuona moto anaelewa kuna watu wanne wanaingia kwenye moshi na kitambaa puani.

Hiyo ya wadi ndiyo inauma. MCA hajali sana takwimu za kaunti nzima lakini mwonyeshe soko la wadi yake liliungua gari likiwa njiani dakika arobaini, atakusikiliza. Msiende na habari za soko la Gikomba la Nairobi kama mnatoka Busia, Gikomba inaungua kila mara na kila mtu ameshazoea kuisikia. Leteni moto wa kwenu.

Ila angalieni kitu kimoja: OB ni mali ya mwajiri. Msipige picha kurasa mkazimwaga mitandaoni, mtampa mtu sababu ya kuwafuta. Chama kiandike barua rasmi ya kuomba hizo habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu, na kama habari inahusu uhai wa mtu ni saa 48, na sijui ni habari gani inahusu uhai kushinda gari la zimamoto bovu. Wakikaa kimya mnapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman.

Sasa jiandaeni kwa majibu yao, huwa ni yale yale. La kwanza, "mishahara imezidi." Ni kweli kanuni za 2015 zinataka mishahara ya kaunti isipite asilimia 35 ya mapato yote, na kaunti nyingi zimepita. Lakini gari la kuzima moto sio mshahara, stesheni mpya sio mshahara, hizo zinaingia kwenye fungu la maendeleo, ambalo sheria inataka lisiwe chini ya asilimia 30 ya bajeti. Kwa hiyo tenganisheni maombi yenu: magari na majengo mnaomba huku kwenye maendeleo, dizeli, mipira, povu na buti mnaomba kwenye matumizi ya kawaida, na suala la kuajiri na marupurupu lipelekeni mezani kwenye mazungumzo ya mkataba wa pamoja. Mkichanganya vyote kwenye barua moja wanasoma neno mshahara wanafunga faili.

La pili ni "Nairobi imetukata", yaani serikali kuu. Hii pia huwa na ukweli ndani yake, 2024 baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa mgao wa kaunti ulishushwa kutoka bilioni 400.1 hadi 387.4. Hesabuni basi, hiyo ni kama asilimia 3. Kama kaunti yenu ilipoteza karibu hapo na zimamoto ikakatwa robo, swali la kuuliza ni nani hakukatwa, na jibu liko kwenye kitabu hicho hicho cha bajeti, angalieni usafiri, vikao vya hoteli na matangazo. Na wasiwaambie mwende serikali kuu, Katiba jedwali la nne imeandika wazi kuzima moto na kukabili majanga ni kazi ya kaunti.

Na hapa kuna kanuni ambayo ukiijua wanakuheshimu: bunge la kaunti likitaka kuongeza fungu moja lazima lipunguze lingine, bajeti isivimbe. Ukisema "tuongezeeni milioni kumi" umeomba tu. Ukisema "toa milioni kumi kwenye fungu hili, ukurasa huu, weka huku" umemrahisishia mwenyekiti wa kamati ya bajeti, anaweza kuinakili ilivyo. Wekeni kwa maandishi, mpelekee karani wa bunge, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ikishindikana kuna haki ya kupeleka ombi rasmi bungeni, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, hata raia wa kawaida anaweza, kwa hiyo wafanyabiashara wa soko wakisaini pamoja nanyi inapendeza zaidi kuliko majina ya zimamoto peke yao.

Kuna pia Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, lile gavana anakaa kama mwenyekiti. Sheria inataka pawe na mtu wa masuala ya wafanyakazi pale. Ulizeni ni nani, kwenu. Mara nyingi hakuna anayemjua.

Wakianza kuzungumzia kupunguza watu, hiyo ni kesi nyingine na msiisubiri. Sheria ya Ajira kifungu cha 40, chama na afisa wa kazi wapate notisi angalau mwezi mmoja kabla, na sababu na idadi ziandikwe, na anayeondoka alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Na kwa vile nyinyi ni huduma muhimu chama kinaweza kwenda Korti ya Kazi kwa dharura bila kuzunguka. Ila korti haiwaandikii bajeti, itazuia barua za kufukuzwa lakini haitawanunulia pampu. Na hakikisheni makato ya chama yanaonekana kwenye slipu za mshahara, ukifika kortini wakakuta wengi wenu si wanachama mnaanza kubishana kama chama kinatambuliwa.

Bajeti ikipita msilale, kwa sababu pesa iliyoandikwa sio pesa iliyotoka. Msimamizi wa Bajeti anatoa ripoti kila robo mwaka, inaonyesha kila idara ilipewa kiasi gani na imetumia kiasi gani, someni. Na bajeti ya ziada ndiyo mlango wa nyuma, inakuja kimya, mara nyingi karibu na mwisho wa mwaka wa fedha, fungu lenu la gari linahamishwa kulipa madeni na hakuna aliyewaambia. Muwe na mtu ndani ya bunge, karani au MCA wa kamati, wa kuwapigia simu siku hiyo karatasi inawekwa mezani, na ule ukurasa mmoja uwe tayari na tarehe mpya.