Kumtambua aliyetengeneza vibao vya mpini wa rivolva ya zamani

Jina la mtengenezaji, kama lipo, mara nyingi liko upande wa ndani unaolalia chuma. Kwa hiyo vibao lazima vifunguliwe. Kabla ya yote fungua silinda na uhakikishe kila tundu ni tupu.

Tumia bisibisi bapa inayojaza ufa wa skrubu barabara. Nyembamba itateleza na kuchubua mbao. Legeza skrubu mizunguko michache bila kuitoa, kisha gonga kichwa chake taratibu kwa mpini wa bisibisi. Kibao cha upande wa pili kitasukumwa nje chenyewe. Usichokonoe kwa kisu, kingo humeguka upesi.

Kwa Smith & Wesson, kampuni ya bastola ya Marekani, anza na kibao cha kulia. Kwa miongo mingi kiwanda kiliandika humo namba ya bastola, kwa penseli au kwa muhuri. Ilinganishe na namba iliyo kwenye chuma, chini ya mpini. Zikilingana, vilitoka kiwandani pamoja. Zikipishana, ni vya kiwanda lakini vimehamishwa kutoka bastola nyingine. Penseli iliyofifia imulike kwa tochi kutoka ubavuni. Ukipaka mafuta mbao inakuwa nyeusi na namba inapotea.

Nje kuna dalili za umri. Medali (nembo ndogo za duara za kiwanda) za rangi ya dhahabu zilizozama ndani ya mbao ni za miaka ya 1910. Umbo la almasi lisilochanjwa chale (mistari inayokatana ya kuzuia mkono usiteleze), kuzunguka skrubu, liliachwa karibu na 1968. Ila medali peke yake si ushahidi: hung'olewa na kubandikwa kwingine, na gundi iliyovuja ukingoni huumbua kazi hiyo. Colt, kampuni nyingine ya bastola, nao waliweka kwenye medali zao farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma.

Visivyo na medali ndivyo vigumu. Huenda ni vya Herrett's wa Twin Falls, Idaho, waliochonga kwa kufuata mchoro wa kiganja cha mteja, au vya Walter Roper, au Fuzzy Farrant wa California. Hapo linganisha umbo, chale, vikombe vya chuma vya skrubu na alama za patasi au mashine kwa ndani na vibao ambavyo mtengenezaji wake anajulikana kwa hakika. Umbo tu halitoshi, kwa sababu mafundi waliigana sana. Muuzaji akikutajia jina kubwa, mwombe picha ya ndani kabla ya bei. Vilivyopigwa msasa upande huo viandike tu "mtengenezaji hajulikani".