Kabla hujadanlodi programu ya kuandikia kodi za kompyuta, angalia ramu ya laptopu yako

Vijana wengi hapa Kigoma wananiuliza wainstoli nini waanze kujifunza programming, na mimi huwa nauliza kwanza laptopu yako ina ramu ngapi, yaani ile kumbukumbu ya muda ambayo programu zinatumia zikiwa zimefunguliwa. Kuna dogo mmoja wa Mwanga alinunua laptopu ya mtumba ya GB 4, bando lote likaishia kwenye Android Studio, ile programu ya kutengenezea app za simu, kuifungua mashine ikaganda, baada ya wiki kaacha kabisa akijua yeye ndo hana akili. Iliniuma sana, maana akili anazo, ni ile programu tu ilikuwa nzito kuliko mashine yake.

Kama upo Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance halafu Memory, utaona una GB ngapi na zimeshatumika ngapi.

Ukiwa na GB 4 na unaanza Python, ambayo ni lugha ya kuandikia kodi, chukua Thonny, programu ya kuiandikia. Imetoka Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia, wameitengeneza kwa ajili ya wanaoanza, ni bure, na Python inakuja humohumo kwa hiyo hudanlodi mara mbili. Jaribu hivi, tuseme unapiga hesabu ya dagaa:

bei = 3000
kilo = 4
jumla = bei * kilo

Bonyeza Ctrl+F5 halafu endelea na F7 mojamoja, utaona bei inageuka 3000, kilo inageuka 4, kisha inatokea 12000, yaani unaiona kompyuta inavyofikiri hatua kwa hatua, na hapo ndo watu wengi huwa wanaelewa. Kwa HTML, yaani lugha ya kurasa za mtandaoni, na mambo ya website Notepad++ au Geany zinatosha, ni nyepesi.

Ukiwa na GB 8 weka VS Code ya Microsoft, nayo ni ya kuandikia kodi, ila usijaze ekstensheni, yaani vile vinyongeza vyake, na washa Auto Save, inayohifadhi kazi yenyewe, kwenye menyu ya File siku hiyohiyo, umeme ukikatika na betri imekufa utashukuru.

Android Studio wenyewe wanataka GB 8 kwenda juu, 16 ndo utapumua. Emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, achana nayo, jaribia app kwenye simu yako: kwenye About phone gusa Build number mara 7, itatokea Developer options kwenye Settings, humo washa USB debugging ili kompyuta iweze kuweka app kwenye simu, chomeka waya.

Kama mko kikundi, mmoja adanlodi awagawie wenzake kwa flashi, ila achukue kwenye tovuti yenyewe kama thonny.org, asichukue mafaili ya kuokoteza.